Kozi ya Serikali ya Marekani (GOVT 2305) katika Vyuo vya Texas: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wanafunzi wanaozungumza Kiswahili wanaoanza chuo Houston, Dallas, Fort Worth, Austin na kwingineko Texas. Nimekuwa nikifundisha kozi hii, na maswali yaliyo hapa ndiyo ninayoulizwa kila muhula, mengine baada ya kipindi mlangoni, mengine saa sita usiku kwenye simu. Sheria za jimbo na za serikali kuu ninazozitaja zinahusu vyuo vya umma vya Texas kwa jumla. Kanuni za alama, kuchelewa na mitihani ni za darasani kwangu. Mwalimu wako anaweza kuwa na zake. Zikitofautiana, fuata silabasi ya mwalimu wako.

Mwalimu, mimi nasomea uuguzi. Serikali ya Marekani inanihusu nini?

Sheria ya elimu ya Texas haimpi mtu shahada ya kwanza ya chuo cha umma bila krediti 6 (vipimo vya uzito wa kozi) za masomo ya serikali, awe anasomea uuguzi, uhandisi au muziki. Krediti hizo hugawanywa katika kozi mbili: GOVT 2305 kuhusu serikali ya shirikisho, yaani serikali kuu, na GOVT 2306 kuhusu serikali ya Texas. Historia ya Marekani nayo inadai krediti 6 nyingine. Kwa hiyo swali la kukwepa halipo, labda swali la lini.

Ila wewe wa uuguzi ndiye ungepaswa kuwa wa mwisho kulalamika. Medicaid, bima ya afya ya watu wa kipato cha chini, ilianzishwa mwaka 1965 na inalipiwa na serikali kuu pamoja na majimbo. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ilisema serikali kuu haiwezi kuyabana majimbo yakubali kuipanua. New Mexico, jirani yetu, ilikubali, Texas ilikataa. Mgonjwa mmoja, ugonjwa mmoja, kipato kilekile: upande mmoja wa mpaka ana bima, upande wa pili hana. Hiyo ndiyo mada ya shirikisho, na utakutana nayo kwenye mtihani wa kwanza.

Silabasi ni nini hasa, na kwa nini kila ukiulizwa swali unajibu "soma silabasi"?

Ni waraka wa kurasa kadhaa unaosema kozi inafundisha nini, alama zinagawanywaje, kazi zinakabidhiwa lini, na nini kitatokea ukichelewa au ukiiba kazi ya mtu. Nyumbani wengi wetu tulizoea kwamba kauli ya mwalimu ndiyo sheria. Hapa mwalimu naye amefungwa na aliyoyaandika. Nikisema darasani mtihani una uzito wa asilimia 30 na silabasi inasema 25, ni 25, na una haki ya kunikumbusha.

Jambo ambalo wanafunzi wengi hawalijui: tangu sheria ya mwaka 2009, vyuo vya umma vya Texas vinatakiwa kuweka silabasi za kozi za shahada ya kwanza kwenye tovuti zao, bila nywila, mahali unapoweza kufika kutoka ukurasa wa mbele kwa kubofya viungo visivyozidi vitatu. Maana yake unaweza kusoma silabasi ya mwalimu kabla hujajisajili kwake. Angalia ana insha ngapi, anasamehe kuchelewa au la, mitihani yake ni ya kuandika au ya kuchagua jibu. Halafu ndiyo uchague darasa. Watu huchagua darasa kwa kuangalia saa tu, kisha wanalia Novemba.

Nilimaliza kidato cha sita Tanzania (au kidato cha nne Kenya). Kozi itanishinda?

Haitakushinda, ila itakuchosha. Ni kozi ya krediti 3, yaani saa 48 za darasani kwa muhula mzima, na kila saa ya darasani inadai saa mbili hadi tatu za kusoma nyumbani. Wiki ya kawaida ina sura moja ya kitabu, jaribio fupi na mjadala wa kuandika. Ukichukua ya wiki 8 badala ya 16, mzigo ni uleule umebanwa nusu ya muda. Mtu anayefanya kazi ghala usiku asichukue ya wiki 8 katika muhula wake wa kwanza. Nimeona walioweza, lakini sikushauri.

Kitu kingine ni alama. Kwenye vyuo vikuu vingi vya Kenya na Tanzania, 70 ni A, mtu anapongezwa na mjomba. Hapa 90 ndiyo A, 80 ni B, 70 ni C, 60 ni D, chini ya hapo ni F. Usifurahie 72 yako ya kwanza ukadhani umeshapaa. Usikate tamaa pia: mitihani imetungwa ikijua kwamba wanafunzi wazuri watapata zaidi ya 85.

Kitabu kinauzwa ghali. Ni lazima ninunue?

Kwangu hapana. Natumia kitabu cha bure cha OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice hapa Houston, unachokisoma kwenye simu au kukipakua. Mwalimu anayetumia kitabu cha kulipia huwa anaacha nakala maktabani, na unaweza kuisoma humo kwa saa chache. Muulize toleo la zamani linafaa au la, maana tofauti yake mara nyingi ni sura ya uchaguzi uliopita tu.

Kazi inatakiwa "10/3 saa 11:59 p.m." Ni lini hiyo?

Ni tarehe 3 Oktoba. Hapa mwezi hutangulia siku. Na 11:59 p.m. ni saa tano na dakika 59 usiku kwa saa zetu, dakika moja kabla ya siku kuisha. Kila muhula yupo anayekosa jaribio la kwanza kwa sababu hii, na hakuna aliyekuwa mzembe. Fungua Canvas, au mfumo wowote chuo chako kinaotumia, hakikisha saa imewekwa ya eneo lako (El Paso iko nyuma ya Texas nyingine kwa saa moja), kisha andika tarehe zote za muhula kwenye simu kwa majina ya miezi.

Nikichelewesha kazi?

Asilimia 10 kwa kila siku, hadi siku tano. Baada ya hapo ni sifuri. Majaribio mafupi hayarudiwi, ila nafuta mawili yenye alama za chini kabisa kwa kila mwanafunzi, basi usiniandikie kuhusu jaribio moja ulilokosa. Mtandao kukatika dakika kumi kabla ya muda kuisha si udhuru.

Dharura ya kweli ni habari nyingine, na hapo nataka unielewe vizuri. Ukiniandikia kabla ya tarehe, naweza kukusaidia karibu kwa kila jambo. Ukiniandikia wiki mbili baadaye, hata kama sababu yako ni nzito kuliko ya mwenzako, mikono yangu imefungwa, kwa sababu nitakuwa nimewanyima wengine nilichokupa wewe. Wanafunzi wetu wamelelewa wasimsumbue mkubwa. Wanavumilia, wanavumilia, halafu wanakuja Desemba na barua ya hospitali ya mwezi wa Septemba.

Nimefiwa na baba mdogo Bukavu. Je, chuo kinamhesabu kama ndugu wa karibu?

Pole sana. Kanuni za msiba za vyuo vingi hutaja wazazi, ndugu, mume au mke, watoto, pengine babu na bibi. Baba mdogo kwa macho yao ni mtu wa mbali kidogo. Usiishie kuandika jina la ukoo tu. Eleza: huyu ndiye aliyenilea, au ndiye aliyenilipia ada, na mimi ninatakiwa kwenye matanga. Andika barua pepe fupi kwa walimu wako wote na ofisi ya mkuu wa wanafunzi, siku ileile ikiwezekana. Sema utakosa tarehe zipi. Ukisafiri, weka tiketi; usiposafiri, tangazo la msiba linatosha kwangu, hata likiwa la WhatsApp na la Kiswahili.

Idd ikiangukia siku ya mtihani?

Sheria ya Texas inakulinda. Chuo cha umma kinatakiwa kukuruhusu kukosa darasa na hata mtihani kwa ajili ya sikukuu ya dini yako, pamoja na muda wa safari, na kukupa nafasi ya kuufanya baadaye ndani ya muda unaofaa. Hii ni kwa Muislamu, Mkristo, Myahudi na wengine. Taabu ya Idd ni mwezi. Mwalimu asiyejua hilo anataka tarehe moja, wewe huna. Mwandikie mapema kwamba ni moja ya siku mbili, zitaje zote mbili, na umwahidi kumthibitishia usiku mwezi ukionekana. Wanaokubaliwa kwa ugumu ni wale wanaosema asubuhi ya Idd yenyewe.

Nitamwitaje mwalimu? Nimwandikieje?

"Professor" na jina lake la mwisho. Akisema mwite kwa jina la kwanza, ni hiari yako. Wengi wetu mdomo unakataa, na hakuna anayekasirika. Barua pepe iwe na jina lako kamili, namba ya darasa, na swali lenyewe katika mistari ya mwanzo. Salamu ndefu za kuulizia hali ya familia ni adabu kwetu, lakini mwalimu mwenye wanafunzi zaidi ya mia anaweza kusoma mistari mitatu akadhani hakuna swali. Mimi ukinisalimia nitaitikia, usijali.

Saa za ofisi ni saa ambazo mwalimu amekaa kukusubiri wewe. Si mahali pa kuitwa ukikosea. Njoo hata na swali la "sijaelewa kitu".

Zawadi je? Mama ametuma kitenge.

Mshukuru mama. Usilete kabla alama hazijatoka.

Nisipohudhuria lakini nikafaulu mitihani, kuna tatizo?

Lipo. Mahudhurio na mchango darasani ni asilimia 10. Zaidi ya hapo, chuo kinaripoti nani amehudhuria ili fedha za msaada zitolewe, na jina lisiloonekana wiki za mwanzo linaweza kufutwa kwenye orodha. Kwa darasa la mtandaoni, kuingia tu kwenye mfumo hakutoshi. Lazima ufanye kazi yoyote inayohesabika, kwa mfano mjadala wa wiki ya kwanza.

Mtoto kukosa mlezi ghafla hutokea. Kwangu mlete, mkae karibu na mlango. Kwa mwalimu mwingine uliza kwanza.

Kwenye mjadala, nikisema siungi mkono chama cha mwalimu nitafelishwa?

Hapana, na hutajua chama changu. Alama za mjadala zinatolewa kwa hoja na ushahidi. Ukiandika "Jopo la Wajumbe wa Uchaguzi (Electoral College, linalomchagua rais) lifutwe kwa sababu si haki", umepata nusu. Ukiandika kwamba mwaka 2000 na mwaka 2016 aliyepata kura chache za wananchi ndiye aliyeingia Ikulu, ukaeleza jinsi kura 538 zinavyogawanywa na kwa nini Texas ina 40, kisha ukajibu hoja ya wanaosema mfumo huo unayalinda majimbo madogo, umepata zote. Mwenzako anayetetea mfumo huo kwa ustadi naye anapata zote.

Kunyamaza ndiko kunakoumiza alama. Najua kumpinga mwalimu hadharani kunaonekana utovu wa adabu. Hapa kumpinga kwa hoja ni sehemu ya somo, na mwanafunzi aliyekaa kimya muhula mzima huhesabiwa kama hakusoma.

Ni makosa gani ya somo lenyewe tunayofanya sisi tuliotoka Afrika Mashariki?

Swali zuri, na hakuna silabasi inayolijibu, kwa hiyo nitakawia hapa.

La kwanza ni kumwona rais kama mkubwa wa kila kitu. Wanafunzi huandika kwamba rais wa Marekani anaweza kulivunja Bunge. Hawezi. Huchanganya pia mawaziri na wabunge. Tanzania waziri lazima awe mbunge. Marekani, kifungu cha kwanza cha Katiba kinakataza mbunge au seneta kushika wadhifa serikalini akiwa bado na kiti chake, na kwa hiyo anayeteuliwa hujiuzulu kwanza. Mkenya hili halimsumbui, kwa sababu Katiba ya Kenya ya 2010 nayo imewatoa mawaziri bungeni. Mkenya hukosea penginepo: hudhani majimbo ni kama kaunti 47 zilizoundwa na katiba ya nchi. Majimbo 13 ya mwanzo yalikuwapo kabla ya Katiba ya Marekani kuandikwa Philadelphia mwaka 1787, na mamlaka ambayo serikali kuu haikupewa yamebaki kwao na kwa wananchi. Ndiyo maana leseni ya udereva, ndoa na sehemu kubwa ya makosa ya jinai ni mambo ya jimbo.

La pili ni kukariri. Tulifundishwa kukariri na tunakariri kuliko Wamarekani: wabunge 435, maseneta 100, majaji 9 wa Mahakama ya Juu, marekebisho 27 ya Katiba. Mtihani wangu hauulizi hayo. Unauliza hivi: mwaka 1984, wakati wa mkutano mkuu wa chama cha Republican mjini Dallas, Gregory Lee Johnson alichoma bendera ya Marekani mbele ya ofisi za jiji. Mahakama ya Texas ilimhukumu mwaka mmoja jela na faini ya dola 2,000. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ikasema, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba Texas haikuwa na haki ya kumwadhibu. Swali: je, angeichoma bendera aliyoiiba kwenye nguzo ya jirani yako, au kama angeichoma katikati ya kituo cha mafuta, ungetumia hoja ipi na kwa nini? Aliyekariri "Marekebisho ya Kwanza yanalinda uhuru wa kujieleza" anabaki ameshika kalamu. Aliyeelewa anajua kuna tofauti kati ya kuadhibiwa kwa ujumbe na kuadhibiwa kwa wizi au kwa kuhatarisha watu.

Mimi hupenda kesi za Texas kwa sababu mnaweza kupita zilipoanzia. Wilaya ya shule ya Tyler iliyowatoza wazazi dola 1,000 kwa kila mtoto asiye na karatasi, hadi Mahakama ya Juu ikasema mwaka 1982 kwamba shule za umma haziwezi kumfungia mlango mtoto huyo. Kijana wa sekondari San Antonio aliyekwenda shule na bunduki, na kesi yake mwaka 1995 ikaishia kuwekea mipaka mamlaka ya Kongresi juu ya biashara. Kijana, bunduki, biashara: ukiweza kunieleza mambo hayo matatu yanaunganaje, umeshaielewa nusu ya kozi.

Darasani wamegawa fomu za kujiandikisha kupiga kura na kuna alama za ziada. Nijaze?

Kama wewe ni raia wa Marekani, jaza. Texas inataka uwe umejiandikisha siku 30 kabla ya uchaguzi. Kama si raia, USIJAZE. Hili ndilo jibu muhimu kuliko yote kwenye ukurasa huu, hata kama halihusu alama.

Mwenye green card si raia. Mkimbizi si raia. Mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, si raia. Fomu ina kisanduku kinachouliza kama wewe ni raia, na kuweka alama ya ndiyo ni kudai uraia kwa uongo. Tangu sheria ya mwaka 1996, kosa hilo na lile la kupiga kura bila kuwa raia yanaweza kukufukuzisha nchini na kukufungia njia ya uraia, na "nilidhani ni kazi ya darasa" ni utetezi dhaifu. Anayegawa fomu anaweza kuwa kijana mwema asiyejua lolote la uhamiaji. Mwambie tu "I'm not eligible" na uendelee na safari yako. Ukiulizwa pia wakati wa kuchukua leseni, jibu ni lilelile.

Darasani kwangu alama za ziada hutolewa kwa kuhudhuria kikao cha baraza la jiji au cha bodi ya shule na kuandika ukurasa mmoja. Vikao hivyo viko wazi kwa kila mtu, raia na asiye raia.

Kozi hii ni sawa na mtihani wa uraia?

Zinagusana. Mtihani wa uraia unapima kumbukumbu kwa mdomo. Kozi inapima hoja kwa maandishi. Aliyefaulu kozi hatapata shida na sehemu ya serikali kwenye mtihani wa uraia. Kinyume chake si kweli.

Kusaidiana kazi ni wizi?

Inategemea mnachosaidiana. Kukaa wanne sebuleni mkaelezana sura ya 3 kwa Kiswahili ni jambo la kupendeza na nawaombea heri. Kutumiana majibu ya jaribio kwenye kundi la WhatsApp ni udanganyifu, na aliyetuma ana kosa sawa na aliyepokea. Hapa ndipo vijana wetu wazuri huumia. Mtu anampa binamu yake insha "aangalie tu mfano", binamu anaibadili maneno mawili, programu ya kulinganisha maandishi inazikamata zote mbili, na sasa kuna barua mbili kutoka ofisi ya nidhamu. Kumnyima ndugu ni aibu kwetu, najua. Mpe muda wako badala ya faili lako.

Ukichukua sentensi ya mtu, weka alama za kunukuu na utaje ulikoitoa. Ukichukua wazo lake kwa maneno yako, bado taja. Kuwasilisha insha uliyoiandika kwenye kozi nyingine bila ruhusa nako ni kosa. Mara ya kwanza kwangu ni sifuri kwa kazi hiyo na taarifa kwa ofisi husika. Mara ya pili ni F ya kozi.

Na akili mnemba? Na programu za kutafsiri?

Kila mwalimu ana msimamo wake, wengine wanakataza kabisa. Wangu ni huu: unaweza kuitumia ikueleze dhana usiyoielewa, huwezi kuitumia ikuandikie. Ramani ya insha yako iandike kwa Kiswahili ukitaka, hata Kiswahili cha Lubumbashi, na tafsiri neno mojamoja likikukwama. Ukiandika insha nzima kwa Kiswahili ukaitupia mashine iitafsiri, Kiingereza kinachotoka si chako, na ukija kwa saa za ofisi nikakuuliza neno moja la humo, utajua mwenyewe. Kiingereza chenye makosa ya kawaida hakikupunguzii alama kwangu mradi nimeelewa hoja. Kituo cha uandishi cha chuo kinasoma rasimu bure. Peleka siku tatu kabla.

Nataka kuacha kozi. Nifanye nini?

Simama kwanza, uangalie kalenda. Kwa muhula mrefu, hadi siku ya 12 ya masomo unaweza kuiacha na isionekane kwenye matokeo yako. Baada ya hapo, hadi tarehe ambayo chuo kinaitangaza, utapata W, yaani alama ya kujiondoa. W haiharibu wastani, lakini ina mambo matatu.

Moja, mwanafunzi wa vyuo vya umma Texas aliyeanza tangu vuli ya 2007 anaruhusiwa kuacha kozi sita tu katika maisha yake yote ya shahada ya kwanza, ukiondoa sababu kama ugonjwa mzito, kifo katika familia au mabadiliko ya ratiba ya kazi usiyoweza kuyazuia. Ukiwa na sababu ya aina hiyo, iseme na uiandikie barua ili W isihesabiwe.

Mbili, msaada wa fedha. Ofisi inaangalia kozi ulizoanza na ulizomaliza, na W ni kozi iliyoanzwa isiyomalizwa. Ukiacha kozi zote kabla ya asilimia 60 ya muhula kupita, sehemu ya fedha za Pell (msaada wa serikali kuu kwa wanafunzi wa kipato cha chini) hurudishwa, na deni linaweza kuwa lako.

Tatu, mwenye F-1 anatakiwa kuwa na krediti 12, na ya mtandaoni inayohesabika humo ni kozi moja tu. Usibofye chochote kabla ya kuzungumza na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa. Baada ya kubofya huwa hakuna tena la kuzungumza.

Kutoweka tu bila kujiondoa ndiko kubaya kuliko vyote. Hiyo ni F.

Nina tatizo la macho, au la kusoma polepole. Nitaonekana mzembe?

Hutaonekana chochote, kwa sababu mimi siambiwi ugonjwa wako. Sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 1990 inakupa haki ya marekebisho, kama muda wa ziada wa mtihani au maandishi makubwa. Unapeleka nyaraka kwenye ofisi ya chuo, ofisi inaniletea barua inayosema nikupe nini, basi. Barua haifanyi kazi kwa mitihani iliyopita, kwa hiyo usingoje ufeli. Msongo wa mawazo uliotokana na vita umo ndani ya haki hizi, na sisi huuita "uchovu".

Baba anataka kujua alama zangu. Utamwambia?

Kwa kawaida siwezi, hata kama ndiye anayelipa ada. Sheria ya faragha ya mwaka 1974 inakupa wewe haki hiyo ukishaingia chuo, hata ukiwa na miaka 17. Wazazi hukasirika na simu zao huwa ndefu. Unaweza kusaini idhini ya maandishi ukitaka azione.

Naona umenionea kwenye alama. Nikate rufaa kwa nani?

Kwangu kwanza, kwa maandishi, ukitaja swali lipi na silabasi inasemaje. Nisipokuridhisha, nenda kwa mkuu wa idara, kisha utaratibu wa rufaa ya alama wa chuo, ambao una siku zake za mwisho. "Nimejitahidi sana" haihesabiki kama hoja. "Swali la 14 lina majibu mawili sahihi, tazama ukurasa huu" ni hoja, na imeshanishinda.

Nimemaliza 2305. 2306 niichukue lini?

Ukiweza, muhula wa masika wa mwaka usiogawanyika kwa mbili. Bunge la Texas hukutana kikao cha kawaida kwa miaka hiyo tu, kuanzia Jumanne ya pili ya Januari, siku zisizozidi 140. Wabunge 150 na maseneta 31 wanakimbizana na muda, habari zimejaa, na kila unachosoma darasani Jumatatu unakiona kwenye taarifa ya habari Jumatano. Majukwaa ya wageni pale Austin ni bure, ila fika asubuhi mapema, kwa sababu maegesho karibu na jengo la Bunge hujaa haraka.